Ndala Mlangoni

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kichwa chake ni kigumu kuliko meza yake ya kukatia vitambaa. Meza hiyo ni ya mbao nzito. Siku ilipoletwa dukani ilibidi fremu ya mlango ing'olewe. Kaka yangu, dereva wa lori asiyekaa nyumbani, hupenda kusema kwamba ameoa wake wawili, na wa pili ana miguu minne.

Mimba mbili za wifi ziliharibika. Ya tatu ilipofika miezi minane, mkunga wa kliniki alimpima presha, akatikisa kichwa, akamwamuru alale kitandani mpaka siku yake. Mama yangu alihamia kwao jioni hiyohiyo ili amlinde. Lakini kulikuwa na sare za wanafunzi hazijatiwa vifungo, na wifi hajui kulala kazi ikiwa mezani. Kila asubuhi mama na mimi tukienda sokoni, yeye huvaa viatu vya mumewe, akatokea mlango wa nyuma kwenda dukani akiburuta miguu, na ndala zake nyekundu akaziacha mlango wa mbele. Kwetu ndala zikiwa mlangoni, mwenyewe yumo ndani. Tukirudi adhuhuri tunamkuta kitandani, anaguna kama mgonjwa kweli. Mimi nilidanganyika, nakiri.

Tetemeko lilipiga saa nne asubuhi. Sokoni tulianguka tu pamoja na nyanya zetu. Tulipofika nyumbani hapakuwa na nyumba. Kizingiti ndicho kilichobaki, na juu yake, zimejaa vumbi, ndala nyekundu. Nilipiga yowe. Majirani walikwisha kuanza kufukua upande wa chumba cha kulala, nami nikajitosa kwa mikono mitupu.

Mama alisimama akizitazama zile ndala.

"Acheni hapo," akasema. "Hayumo."

"Mama, ndala zake si hizi?"

"Ndizo. Wiki nzima naziacha hivyo, nazikuta hivyo, hata hazijageuka upande. Mjamzito wa miezi minane, na choo kiko uani. Huko chooni anaruka?"

"Kumbe ulijua!"

"Nilijua, nikanyamaza. Nilimwonea huruma, analala anahesabu mabati tu." Akaziokota zile ndala, akazibana kwapani. "Twendeni dukani."

Paa la duka lilikuwa limelala chini. Mama aliita mara tatu. Ya tatu, tukasikia mkasi ukigonga mbao. Wifi yangu hashoni kabla ya kupitisha sumaku sakafuni kuokota pini za jana, na pini nyingi huangukia chini ya meza. Huko ndiko tetemeko lilikomkuta, na mke mwenza wake alibeba paa zima.

Mama alilala kifudifudi, mdomo kwenye ufa. "Mwanangu, umeumia?"

"Mguu tu. Mama, nisamehe."

"Utaomba msamaha ukitoka. Mtoto anacheza?"

"Tangu saa ile hajacheza."

Wanaume walifukua hadi alasiri. Mama hakuinuka pale, alimsimulia wifi habari za mtaa, nani kapona, nani kakimbia na taulo, na kila akimaliza moja anauliza, "Amecheza?" Jibu lilikuwa lilelile. Mimi nilikwishakata tamaa. Nilikuwa nikiwaza nitamwambia nini kaka.

Walipomtoa walimlaza barabarani juu ya mlango uliong'oka. Mkunga, naye kajaa vumbi, aliweka tumboni kipembe chake cha kusikilizia mapigo ya mtoto akainamisha sikio. Wenye makoleo kwenye kifusi cha jirani waliacha kufukua. Akakihamisha, akasikiliza tena. Akakihamisha.

"Yumo," akasema. "Mapigo yapo. Alilala tu."

Mama alichomoa kwapani zile ndala nyekundu, akampangusa wifi nyayo kwa upindo wa nguo yake, akamvisha moja, kisha ya pili, taratibu.

"Siku nyingine ukitoroka," akamwambia huku akilia, "toroka nazo."