Soketi Pekee ya Chumba cha Mbele

Eluned alipika chakula cha shule mpaka akastaafu, na watu wazima wenye watoto wao bado walimwita Eluned wa Kastadi. Katika kijiji kile cha machimbo, kaskazini mwa Wales, majina ya ukoo yalikuwa machache, kwa hiyo mtu alijulikana kwa kazi yake. Mumewe alikuwa Idwal wa Msumeno. Alikata mawe bapa ya kuezekea tangu ujana, ndani ya banda ambalo vumbi lake lilikaa hewani kama ukungu, na sasa vumbi hilo lilikuwa limekaa kifuani mwake.

Alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi, kitanda kililetwa chini, kwenye chumba cha mbele. Zamani chumba hicho kilifunguliwa kwa ajili ya mchungaji na maiti tu. Chumba cha namna hiyo hakihitaji umeme mwingi, na aliyeweka nyaya alikuwa ameweka soketi moja tu, nyuma ya kabati la vyombo vya kaure. Soketi hiyo ndiyo iliyoendesha mashine ya oksijeni. Fundi aliyeileta alibandika karatasi ukutani: ichomekwe hapa hapa, isichomekwe kwenye ekstensheni kamwe. Kwa siku za umeme kukatika aliacha mtungi mmoja. Ulishatumika sehemu kubwa majira ya baridi, na Eluned hakupiga simu uletwe mwingine. Hakupenda kusumbua watu.

Mtoto wao wa pekee, Gethin, alikuwa akikata manyoya ya kondoo New Zealand. Siku alipokataa kazi ya machimbo, baba yake alimwambia mlangoni, "Ukitoka, usirudi." Akatoka. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu ya mezani iliyokuwa kwenye ujia, na kila Jumapili Idwal alikwenda nje kuangalia mvua.

Asubuhi moja Idwal alisema, kwa vipande, kama alivyosema kila kitu siku hizi, "Nataka. Kumwona. Uso."

Eluned alikuwa anamgeuzia mto. Aliendelea kuugeuza, kwa kuogopa kwamba akisimama mzee angebadili neno.

Intaneti ilikuwa jikoni. Kati ya jiko na chumba cha mbele kulikuwa na ukuta wa mawe mnene kuliko urefu wa mkono, na hakuna kilichoupenya. Simu za mkononi hazikushika kabisa katika bonde lile. Dukani mjini walimwambia kwamba waya mrefu ungefika wiki ijayo. Daktari alikuwa hazungumzii tena wiki ijayo. Basi wakampa visanduku viwili vyeupe: kimoja kichomekwe jikoni, kingine chumbani, na intaneti ingepita ndani ya nyaya za umeme za nyumba.

Jirani yake, Heulwen wa Posta, alikuja kusaidia. Walivuta ekstensheni kutoka jikoni, wakaipitisha kwenye ujia mpaka kando ya kitanda, wakachomeka kisanduku.

"Nyekundu tena," alisema Eluned.

"Chomoa, uchomeke upya. Hivi vitu ni kama wanaume, mara ya kwanza havisikii."

"Nasikia," alisema Idwal kitandani.

"Najua unasikia, mzee. Nilikuwa nakusema wewe."

Walivirudisha visanduku jikoni vyote viwili, wakabonyeza vitufe vyake mpaka vikatambuana. Kijani. Wakapeleka kimoja ghorofani, kwenye soketi ya ukutani. Kijani. Wakakirudisha chumba cha mbele kwenye ekstensheni. Nyekundu. Heulwen alivaa miwani akasoma kikaratasi kilichokuja na boksi, midomo ikimcheza.

"Shoga, kumbe kosa letu. Hakitaki ekstensheni. Kinataka ukutani."

Wote wawili waliangalia nyuma ya kabati. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu, kama ilivyonguruma usiku na mchana.

"Basi imeshindikana," alisema Eluned.

"Mtungi," alisema Idwal.

"Mtungi ni wa dharura, Idwal."

Alimtazama mkewe mpaka pumzi ikamkusanyikia. "Na hii. Ni nini?"

Walipanga Jumamosi asubuhi, ambayo kwa Gethin ingekuwa usiku. Eluned alimnyoa mumewe, akamvalisha shati la kanisani juu ya nguo ya kulalia. Heulwen alichukua mashuka machafu. "Niacheni huko jikoni, nitajitafutia kazi. Mambo ya baba na mwana hayana haja na mdomo wangu." Eluned alifungua mtungi, akahamisha mrija, akachomoa mashine. Ukimya ulioingia chumbani ulimshtua. Akachomeka kisanduku. Kijani.

Uso wa Gethin ukajaa kwenye tableti ya Heulwen. Nywele zilikuwa zimempungua. Alikuwa na kitambi.

"Baba."

"Umenenepa," alisema Idwal.

"Mke wangu anapika vizuri."

"Kuliko. Mama yako?"

"Usinigombanishe na Mama, Baba. Anasikia."

Idwal alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Gethin alingoja huku anajifuta uso kwa mkono wa sweta. Baada ya hapo walizungumza kuhusu kondoo: wangapi kwa siku, aina gani, makali ya mashine yananolewa vipi. Idwal alitaka kujua habari za kunoa kwa kirefu. Eluned alikuwa amekaa chini kando ya mtungi, jicho kwenye mshale wa kipimo chake, na mshale ulikuwa umeshagusa sehemu nyekundu. Alitaka kupiga kelele kwamba hawakulipia yote haya ili waongelee visu. Lakini aliwajua.

Ndipo Idwal alipojiinua kwenye kiwiko.

"Nilikosea," alisema. Akavuta pumzi. "Pale mlangoni." Akavuta nyingine, ndefu. "Njoo nyumbani, mwanangu."

Gethin hakujibu. Uso wake ulibaki umeielekea kamera, mdomo wazi kidogo, macho makavu. Idwal alingoja. Eluned naye alingoja, akidhani kijana amezidiwa na maneno. Midomo ya mumewe ilianza kuwa ya bluu. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Idwal, lazima nichomoe."

"Ngoja."

Alingoja kidogo, kisha akachomoa kisanduku, akachomeka mashine, akamrudishia mrija. Ngurumo ilirudi. Rangi ya midomo ilichelewa kurudi.

"Hakujibu," alisema Idwal, akageukia ukuta.

Simu ya ujiani ililia. Eluned alikimbia.

"Mama, mmeganda ghafla! Baba aliniuliza mafuta ya kunolea, kisha sikusikia tena. Nimemwona anataka kuinuka. Kuna nini?"

Kutoka pale alipoviringa waya wa simu kidoleni, Eluned aliona mpaka jikoni. Mashine ya kufulia ilikuwa inazungusha mashuka kwa kasi, inatetemeka mpaka vikombe vinagongana. Juu yake, kwenye soketi, taa ya umeme ya kisanduku cha jikoni ilikuwa inapepesa nyekundu. Ngoma ilipopunguza mwendo, taa ikatulia, kijani.

"Umeshamaliza naye?" aliuliza Heulwen, mikono imejaa povu. "Nimeona nikufulie, usije ukahangaika peke yako."

"Asante, shoga," alisema Eluned. Hakumwambia mashine ya kufulia ilifanya nini, siku ile wala baadaye.

Alirudi kwa mumewe. "Hakusikia, Idwal. Intaneti ilikatika. Yuko kwenye simu, ngoja nimwambie ulichosema."

"Unanifariji."

"Naapa."

Idwal alimtazama, na Eluned hakuweza kujua kama ameaminiwa. Hatimaye akainua kidole kimoja kutoka kwenye blanketi.

"Usimwambie. Ni yangu. Nitasema. Mwenyewe. Nikimwona uso."

Eluned alimwambia Gethin kwamba wataonana tena, akaomba mtungi mpya siku hiyohiyo. Waliahidi Jumatatu. Jumapili, watu wakiwa kanisani, Idwal alifariki kwa utulivu, mashine ikiendelea kunguruma, na Eluned hakuizima mpaka muuguzi alipofika akaizima yeye.

Kisha akaenda ujiani, akampigia mwanawe. Alimsikia akilia, akasubiri. Huko New Zealand mbwa alibweka, mwanamke akamnyamazisha.

"Mama, jana alitaka kusema nini?"

Eluned alikuwa amekatazwa, na hakuwahi kumvunjia Idwal neno. Aliegemea ukuta wa mawe, ulikuwa baridi mgongoni.

"Nilikosea," alisema, akavuta pumzi pale alipovuta Idwal. "Pale mlangoni." Akavuta nyingine, ndefu. "Njoo nyumbani, mwanangu."

Upande wa pili palikuwa kimya, na safari hii alijua kwamba maneno yamesikika.