Saa Mbili Kutoka Oslo

Mume wangu anapakia mizigo kwenye uwanja wa ndege hapa Dallas, na kwa sababu hiyo anajiona anavijua viwanja vyote duniani. Sijamsamehe mpaka leo.

Nilikuwa nasafiri kwenda Nairobi, nikibadilisha ndege Frankfurt, na hapo kati nina saa tano za kusubiri. Dada yangu mkubwa anaishi Oslo. Tulitenganishwa kwenye kambi ya wakimbizi: yeye akapelekwa Norway, mimi Texas, na kwa miaka kumi na minne hatukuwa tumeonana ana kwa ana, ila kwa kamera ya simu kila Jumapili. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni tulipokimbia vita kwetu Uvira, Kongo.

Mume wangu akafungua simu, akatafuta. Oslo mpaka Frankfurt, kilomita elfu moja na mia moja hivi, saa mbili angani. Akacheka.

“Mama, kwa gari kutoka hapa Euless mpaka Houston ni saa ine! Mwambie akuye.”

“Watamuruhusu kuingia kwenye niko?”

“Weye ndiye utatoka inje. Mie minaona hii kazi kila siku. Mutu akishuka ndege, anatoka, anachukua valise ya nguo zake. Ni vile.”

Ni vile Marekani. Hapa hata abiria anayebadilisha ndege tu lazima apite uhamiaji. Kule Frankfurt si hivyo, anayebadilisha ndege hubaki ndani na kutoka nje kunataka viza, na huyu bingwa wangu hakuuliza mtu yeyote. Mimi nami sikuuliza. Hilo linanichoma zaidi.

Dada akaomba ruhusa kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, akakata tiketi, akapika sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akaifunga vizuri. Nilipofika Frankfurt kwa askari wa uhamiaji, alitazama hati yangu ya kusafiria, akauliza viza. Nikamwambia sina, nataka dakika kumi tu, dada yangu yuko hapo nje. Akanirudishia hati na kunionyesha nilikotoka. Nikarudi kwenye foleni, nikaomba mara ya pili. Safari hii hakuifungua hata hiyo hati.

Nikampigia dada.

“Niko kwenye mulango,” akasema. “Batu banatoka, weye sikuone.”

Nikamweleza. Akaenda kuuliza upande wake, akaambiwa tiketi ya Oslo haimfikishi nilipo. Tulikuwa kwenye jengo moja! Nilimtukana mume wangu kwa sauti, katikati ya watu, wala sikuona aibu.

“Bwana yako anatumikaka aéroport gani?” dada akauliza. Alikuwa na hasira kama mimi.

Muda wake wa kurudi ukakaribia. Sikujua la kufanya, nikamwambia awashe kamera, angalau tuonane kabla hajaondoka. Akakataa.

“Kwa simu minakuonaka kila dimanche,” akasema. “Leo nilikuya kukushika.”