Hetal Alipomwazima Kaka Yangu

Kila nikinusa iliki kwenye samli ya moto, narudi mtaani Noonkopir, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la mabati la wazazi wa msichana wa Kihindi aitwaye Hetal. Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja. Nilikuwa msichana wa miaka saba, na maswali yangu yalimchosha kila mtu isipokuwa kaka yangu Abdi, wa miaka kumi na mmoja. Yeye alisema kuuliza si ujinga.

Siku hiyo Hetal alikuja kumwazima Abdi. Kaka yake mwenyewe alikuwa ng'ambo masomoni, na ilikuwa Raksha Bandhan, sikukuu ambapo dada wa Kihindu humfunga kaka yake uzi mkononi. Mama akacheka: "Mchukue, lakini umrudishe." Mimi sikucheka. Niliwafuata nikachungulia mlangoni.

Hetal alimfunga uzi mwekundu wenye shanga, akamlisha ladu, kitamu cha samli na iliki. Abdi naye akampa kalamu yake mpya, ile aliyoninyima mimi.

Sasa, baba yetu alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Sokoni, mbuzi akishanunuliwa hufungwa uzi shingoni asije akauzwa mara mbili, kisha mwenyewe huja kumchukua. Maana ya uzi niliijua vizuri sana. Kaka yangu alikuwa amenunuliwa, tena kwa ladu moja! Nani angenijibu maswali yangu? Nililia kimyakimya. Alasiri Abdi aliposinzia, nikaukata uzi kwa makasi ya Mama, nikaufukia mchangani.

Kesho yake asubuhi Hetal akauona mkono mtupu.

"Abdi, hiyo uzi yangu iko wapi?"

Abdi alikuwa ameamka akayakuta makasi kando ya mto wake. Akaniangalia kidogo.

"Ilikatika kwa boma nikishika mbuzi. Pole, Hetal."

Mama akamgombeza kwa uzembe wake, mbele ya mgeni, mpaka akainamisha kichwa. Mimi nikajiona mshindi. Hetal alipoleta uzi mwingine ndipo nikamuuliza ni wa kazi gani.

"Ni ndio anilinde," akasema. "Basi."

Nilishangaa kwamba hakuna wa kuchukuliwa, nikakimbilia kucheza. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua nilichokiona asubuhi ile, nikaona haya, nikampenda Abdi upya. Kaka yangu alikuwa akimlinda dada yake mbele ya macho yangu, na dada huyo nilikuwa mimi, ambaye sikuwahi kumfunga chochote.