Nepi za Hamza Zilikuwa Safi

Kitu kilitoka mgongoni kwa mwanangu, na kilikuwa hai.

Siongezi chumvi. Nilikuwa nimemlaza kifudifudi mapajani, nakamua kile nilichodhani ni jipu. Badala ya usaha kikachungulia kitu cheupe, kinene kama punje ya wali uliovimba.

Kikajikunja.

Jamani, kikajikunja! Kwenye mwili wa mtoto wa miezi minane!

Nilipiga ukelele mpaka jirani yetu Rosa akaja mbio na mwiko mkononi. Mama mkwe wangu naye akatokea mlangoni. Akakitazama kile kifunza kikigaagaa juu ya kanga yangu.

Unajua alisema nini? Pole hakusema.

"Si nilisema mimi? Mwanamke anafua huku roho iko shule. Matokeo yake ndo hayo."

Naandika haya na hasira bado ninazo. Mnivumilie.

Naitwa Hafidha. Nimezaliwa Mwembesongo, nikaolewa Bigwa, na tunaishi nyumbani kwa mama mkwe, Bi Pili. Mume wangu Abdulatif ni fundi pikipiki mjini. Hamza ndiye mtoto wetu wa kwanza.

Shule niliachia kidato cha pili. Mwaka jana, tumbo likiwa limeshatangulia mbele, nikajiandikisha masomo ya jioni ili nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Abdul alikubali. Bi Pili alikubali kwa mdomo. Jioni nikitoka, yeye ndiye anabaki na Hamza.

Kwa hiyo elewa: Bi Pili akisema basi, shule yangu imekwisha.

Sasa tuje kwenye nguo.

Mashine ya kufulia hatuna, na sijawahi kuililia. Nina mabeseni yangu na mikono yangu. Maji ya bomba letu yanatoka mchana, kwa hiyo mchana ndo nafua. Nepi nazikung'uta kwanza, naziloweka, nazifikicha kwa sabuni ya mche mpaka vifundo vya vidole vinachubuka. Nasuuza, namwaga, nasuuza tena, mpaka maji yanayobaki kwenye beseni ungeweza kuyapikia ugali. Zenye doa sugu nachemsha kwenye sufuria.

Halafu naanika kwenye kamba ya mbele, kwenye jua la waziwazi, upande wa barabara. Nambeba Hamza, nambusu, namkabidhi kwa bibi yake, naenda darasani.

Nikirudi nazikuta zimekunjwa kitandani, zimepangwa kama za dukani. Nilikuwa namshukuru Bi Pili kila siku. "Ahsante mama, Mungu akuzidishie." Zikiwa na unyevunyevu kidogo nilijisemea ndiyo Bigwa hii, tuko miguuni mwa mlima, mawingu hayana adabu.

Majipu yakaanza. Moja pajani. Lingine begani. Yakafuata ya mgongoni. Mtoto halali, anajinyonganyonga kama mtu anayechomwa sindano kwa ndani. Nikimvalisha analia, nikimvua analia.

Bi Pili akawa na majibu mawili, anabadilisha kama kanga.

Nyumbani, jibu lilikuwa uchafu wangu. "Nepi inafuliwa na mtu anayetazama saa, itatakata?"

Barabarani, jibu lilikuwa Rosa.

Rosa ni mtu wa milimani, Mkatoliki, amepanga nyumba ya jirani na ana meza yake ya mboga kando ya barabara. Hana mtoto. Kosa lake ni hilo tu. Bi Pili alikuwa anawanong'oneza wateja wa Rosa: "Yule kutwa macho yake kwenye kamba yetu. Anazitamani nepi za mjukuu wangu. Ana kijicho yule." Wateja wakaanza kupungua. Mchicha wa Rosa ukawa unanyaukia mezani.

Tena siku ile kifunza kilipotoka, ni Rosa peke yake aliyesema neno la maana.

"Mama Hamza, usikamue tena. Mpeleke zahanati."

"Toka kwangu!" Bi Pili akabwata. "Umejuaje la kufanya kama si wewe uliyekitia?"

Rosa akaangalia chini, akaondoka na mwiko wake.

Zahanati, nesi akawapaka wale funza mafuta mazito, wakakosa pumzi, akawatoa mmoja mmoja. Mimi nalia, Hamza analia.

"Ni nzi huyu," nesi akaniambia. "Anataga kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Mtoto akiivaa, vifunza vinaingia kwenye ngozi. Unaanika wapi?"

"Juani, sista."

"Unapiga pasi?"

"Nepi?"

"Hata nepi, pasi inaua mayai. Unaanika wapi?"

"Nimekwambia juani."

Akanitazama vile watu wa hospitali wanavyotutazama. "Mama, mmoja kati yako na huyu funza anaongopa. Na funza hajui kuongea."

Nilitoka pale nimemkumbatia Hamza. Nyumbani naitwa mchafu, zahanati naitwa mwongo. Na kamba yangu naijua! Haina mti, haina ukuta, haina kivuli cha hata kunguru!

Nikaazima pasi ya mkaa kwa Rosa. Bi Pili akairudisha mwenyewe, kaishika kwa kitambaa kama ameshika mkia wa nyoka.

"Kitu cha yule hakigusi nguo ya mjukuu wangu. Na habari ya nzi niache nayo. Nimelea watoto mimi, sikuwahi kuona nzi anatoboa mtu."

Usiku wake Abdul akajikohoza. Mume wangu akijikohoza, jua mama yake keshampanga.

"Hafidha, nimemwita mjomba Abasi. Ijumaa tutakaa. Kuhusu hili la shule."

"Shule imemuuma nani?"

"Usiwe mkali. Tutakaa tu."

Siku mbili za kuisubiri Ijumaa sikwenda darasani. Nilifua, nikaanika, nikaweka kigoda chini ya kamba, nikakaa nailinda kama askari. Hakuna aliyeigusa. Hakuna nzi. Jua likazikausha kau! Nikazidi kuchanganyikiwa.

Ijumaa, baada ya swala, mjomba Abasi akateremka kutoka mlimani. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Akisema mtoto wa dada yake afanye hivi, kimekwisha. Nikampa shikamoo, nikaleta maji, nikatandika mkeka barazani.

Wote tukakaa. Bi Pili akasimama, kaegemea nguzo.

"Dada, keti," mjomba akasema.

"Nimeshinda nimekaa leo."

"Umekaa wapi, na tangu nifike umesimama kama mnara wa simu?"

Abdul akacheka. Mama yake hakucheka. Akaanza kunisomea mashtaka: nafua haraka, nasuuza haraka, mtoto namtupia, nataka vyeti huku nyumba inaoza.

"Mjomba," nikasema, "nepi zangu ni safi."

"Safi!" Bi Pili akaruka. "Mtoto anatoka wadudu kama maharage ya mwaka juzi, wewe unasema safi!"

"Dada, mashtaka hayasomwi kwa kusimama," mjomba akamwambia. "Keti, tuzungumze kama watu."

Akavutwa mkono. Akashuka taratibu, akagusa mkeka...

"Yalaa!"

Akaruka juu kama kakalia kaa la moto.

Wanaume wakadhani mgongo. Mimi sikudhani mgongo. Kilio kile nilikuwa nakisikia kila nikimvalisha Hamza.

Nikainuka. "Mjomba, samahani. Naomba nimwone mama ndani mara moja."

Nikafunga mlango wa chumbani kwa komeo.

"Lala kifudifudi, mama."

"Nilale kwani nimekufa?"

"Lala, mama."

Alilala. Akafunua kanga huku uso kauficha kwenye mto. Jipu lilikuwepo, jekundu, na katikati kitundu kidogo kinachopumua. Mawili zaidi pembeni. Nikachukua mafuta ya mgando, nikapaka kwa wingi kama alivyofanya nesi, nikasubiri. Mkono wangu ulikuwa mpole. Moyo haukuwa.

Funza wakatoka. Nikawaweka kwenye kipande cha karatasi, nikamwonyesha. Akafumba macho.

"Mama, nguo zako za ndani unaanika wapi?"

"We mtoto! Adabu yako iko wapi?"

"Unaanika wapi?"

"Huko nyuma. Kwenye michongoma, chini ya mfenesi. Ulitaka nianike barabarani wanaume wazione? Mwanamke mwenye stara haaniki vya ndani mbele za watu."

Chini ya mfenesi. Pale ambapo ardhi haikauki hata kiangazi, na mafenesi yanadondoka na kuoza. Nzi wa pale wangeweza kufungua kijiji chao.

"Na nepi za Hamza?"

Akajizamisha zaidi kwenye mto.

"Mama. Nepi za Hamza?"

"Ukishatoka kwenda shule," akasema ndani ya mto, "nazianua. Nazipeleka nyuma. Giza likiingia nazikunja."

"Kila siku?"

"Kila siku uliyokwenda."

Nilitaka kupiga ukelele wa pili. Nikauma kanga.

"Nepi ya mtoto mchanga haianikwi njiani, Hafidha," akaendelea. "Kila anayepita anajua nyumba hii ina mtoto. Kuna macho hayana heri. Kabla ya Abdul nilizika mtoto mimi. Mzuri kama Hamza. Alisifiwa asubuhi, jioni akashika homa."

Nilimhurumia, naapa. Mama aliyezika ni mama aliyezika.

Lakini huruma haikuzima moto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka. Wewe ni msomi."

"Kwa hiyo ulizitoa juani kwa mkono wako, ukazipeleka kwa nzi kwa mkono wako, halafu kwa mdomo wako ukaniita mchafu? Nimechubuka vidole mama! Niangalie hivi vidole! Ukamwita mjomba aje anikatie shule yangu! Na Rosa? Rosa amekukosea nini?"

Akageuka, machozi yanamtoka. Akanishika mkono.

"Nisitiri, mwanangu. Toka uwaambie nina presha. Mengine yaishie humu."

Hapo ndo nilipogundua kitu. Ningeweza kutoka na kumwaga kila kitu, pamoja na mahali jipu lilipokuwa, na mama huyu asingeinua tena uso mbele ya kaka yake. Hasira ilinisukuma kabisa. Mguu ulishafika mlangoni.

"Jipu lilikuwa wapi, nitasitiri mpaka naingia kaburini," nikamwambia. "Michongoma sitaisitiri. Utaisema wewe. Au nitaisema mimi."

Akajifunga kanga. Akatoka mbele yangu.

Alisema. Kwa sauti ndogo, kaegemea nguzo ile ile, lakini alisema yote: kamba, michongoma, mfenesi, nzi. Kwamba nepi zilikuwa safi.

Mjomba Abasi alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Dada, yaani umenitembeza mlima mzima kuja kumshtaki mtu kwa kosa lako."

Abdul akanitazama kwa tabasamu lile la kutaka yaishe. "Basi mke wangu. Yamekwisha. Nimekuruhusu, endelea na shule."

Nilidhani hasira zimefika mwisho. Kumbe zilikuwa zinapumzika tu.

"Umeniruhusu?"

"Eh... ndiyo."

"Nimesingiziwa, mtoto ameliwa, nimekalishwa mkekani kama mwizi wa kuku, nimeonekana sina kosa, na mwisho wake wewe ndiye unaniruhusu? Wiki nzima uliniuliza hata mara moja, Hafidha, nepi hizi zinakwenda wapi ukitoka? Ulijikohoza tu!"

Nikamnyanyua Hamza, nikamweka mapajani kwa baba yake.

"Leo kuna somo la baiolojia. Nepi nimeziloweka kwenye beseni la bluu. Utafua, utaanika mbele, zikikauka utapiga pasi. Pasi utaazima kwa Rosa, na ukifika kwake utaanza na shikamoo."

"Rosa ni mdogo kwangu!"

"Basi utaanza na samahani."

"Mimi nifue nepi, mbele ya mjomba?"

Mjomba Abasi akageuza uso kuelekea mlimani. "Mimi hata sijaona, mjomba. Sabuni iko wapi, nikusogezee?"

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda darasani.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza Bi Pili mpaka kwenye meza ya mboga. Akaomba radhi. Rosa alimsikiliza mpaka mwisho huku anafunga mafungu ya mchicha.

"Nimekusamehe, Mama Abdul," akasema. "Lakini wale wateja ulionifukuzia, nani atawaambia?"

Bi Pili akasimama pale pale, na kila mwanamke aliyepita na kikapu akamwita: "Mwanangu, njoo. Yale niliyokwambia juu ya Rosa yalikuwa uongo wangu." Alisimama mpaka adhuhuri. Wengine walimcheka. Wengine walinunua.

Leo Hamza ngozi yake ni laini kama maganda ya ndizi mbivu, na mimi mtihani nafanya mwaka huu, inshallah.

Ninyi mnaofua kwa mikono, nawaambia hili kwa uchungu: mkiona mtoto ana majipu, kabla hamjamtazama mfuaji au jirani, tazameni nguo inapokaukia. Anikeni juani. Pigeni pasi, hata nepi, hata vile vya ndani.

Macho ya watu tunayaogopa mno. Tunaficha nguo, tunaficha uchungu, tunaficha makosa, halafu tunatafuta mtu wa kumbebesha. Stara ni kitu kizuri, sikatai.

Lakini jua halina kijicho.