Mkokoteni Wenye Mitaa Miwili

Saa kumi na mbili asubuhi, Kianda, Kibera. Ambrose Wekulo anafunga godoro juu ya mkokoteni. Juu ya godoro imelala meza, na juu ya meza cherehani. Mzigo umekaa sawa. Ajabu iko chini: mbao za pembeni za mkokoteni, kushoto na kulia, zimefungwa magunia kama kidonda.

"Wekulo, mkokoteni yako imeumwa na mbwa?" anauliza mama wa maandazi.

Wekulo anakaza kamba.

Mzigo ni wa Aluoch, fundi wa nguo, anayehamia Kawangware. Majirani wamesimama milangoni na vikombe vya chai, na midomo haijapoa.

"Aluoch, unaenda huko kufanya nini? Hawana hata reli! Mtaa bila reli ni mtaa gani?"

"Nyamazeni nyinyi," anasema Aluoch. "Naenda kulala tu. Mimi ni wa Kianda mpaka kaburini."

Wanampigia makofi. Wekulo anainua mikono ya mkokoteni, anaanza kuvuta.

Ana miaka 47. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akashukia Kianda, na tangu hapo kazi yake ni kuhamisha watu. Miaka miwili iliyopita chumba chake kilibomolewa. Mkewe, Phanice, akapata kingine Kawangware, upande wa Riruta, kwenye ploti ya mama Wakarima. Wakahama. Sasa analala Kawangware, anapakia Kianda.

Mtu asikudanganye, mitaa hii ni kama shilingi kwa ya pili. Mabati ni yale yale, matope ni yale yale, na stima hupotea bila kuaga. Lakini usiseme hivyo mbele ya wenyewe.

"Wa Kibera wanajisifia reli," anasema Wekulo. "Wa Kawangware wanasema reli haipikwi, wao wana soko. Nikiwa hapa nakubali. Nikiwa pale nakubali. Wote wananilipa."

Shida ni kwamba wavuta mikokoteni wana steji, vituo vyao vya kusubiri mizigo, kama watu wa boda. Wa Kianda hapakii Kawangware, wa Kawangware hapakii Kianda. Kwa muda mrefu Wekulo alipeleka mzigo kwa shilingi elfu moja na mia mbili, kisha akarudi mtupu, huku akiwapita watu wa Kawangware wanaotafuta wa kuwahamisha.

Ubao wake wa kushoto ulikuwa umeandikwa zamani KIANDA DAMU. Alipohamia kwa Wakarima, majirani wapya walimchokoza siku ya kwanza.

"Waliniuliza kama nimekuja na wale wazungu wanaokwenda Kibera kupiga picha," anasema.

Akanunua rangi. Ubao wa kulia akaandika KAWANGWARE KWETU. Akiwa Kianda, anaegesha upande wa kushoto ukitazama barabara. Akiwa Kawangware, kulia. Gikonyo, mwenyekiti wa steji ya Kawangware, akauona ubao, akafurahi, akaanza kumpa mizigo ya kurudi nayo. Kwa mara ya kwanza Wekulo alikuwa akila kwenda na kurudi.

Kisha siku moja akaingia kichochoro chembamba cha Kawangware, akageuza mkokoteni, akasahau ni upande gani unaotazama nani. Vijana wa Gikonyo walikuwa wamekaa hapo hapo. Walipiga picha pande zote mbili. Jioni hiyo picha zilikuwa kwenye simu ya Obiero, mwenyekiti wa Kianda.

Wote wawili walimpa hadi Jumapili hii achague steji moja na kufuta ubao mmoja. La sivyo, hapakii popote. Tangu hapo mbao zote mbili anazifunika kwa magunia. Na wote wawili, bila kuambiana, walimtupia methali moja: njia mbili zilimshinda fisi.

"Fisi hakuwa na mkokoteni," anasema Wekulo, lakini hacheki.

Phanice anamwambia achague Kawangware, ndiko mtoto wao Valentine anakosoma. Valentine anamwambia achague Kianda, ndiko alikozaliwa. Yeye mwenyewe hajui.

"Bungoma wananiita mtu wa Nairobi. Kawangware wananiita Mkibera. Kianda siku hizi wananiita mgeni. Mtu akiniuliza natoka wapi, nakohoa."

Kwenye Naivasha Road mvua inaanza bila onyo. Aluoch, anayefuata nyuma, anapiga kelele.

"Baba Valentine, cherehani yangu! Ikilowa nimekwisha!"

Karatasi ya nailoni hakuna. Wekulo anasimama. Anatazama cherehani, anatazama magunia. Kisha anayafungua yote mawili, anaifunika mashine na kuikaza kwa kamba. KIANDA DAMU na KAWANGWARE KWETU vinaloweshwa na mvua, wazi kwa kila mpita njia.

Wanafika hivyo hivyo. Gikonyo yuko chini ya bati la steji.

"Mzee Wekulo, bado umevaa mashati mawili?"

"Mvua, mwenyekiti."

"Mvua haijui kuchagua. Wewe unajua. Jumapili ni kesho kutwa."

Wanapofika kwenye chumba kipya, jirani wa Aluoch anachungulia mlangoni. "Huyu pia ametoka Kibera?"

"Nani, mimi?" Aluoch anashusha cherehani, kavu. "Huko nilikuwa napita tu. Sisi wa Kawangware tuna soko, bwana."

Wekulo anaendelea kufungua kamba ya godoro.

"Ameamua kabla godoro halijashuka," anasema baadaye. "Mimi miaka miwili."

Hata hivyo ana mpango. Jumapili baada ya kanisa anataka Obiero na Gikonyo wakutane Dagoretti Corner, ambako si kwa yeyote, wamruhusu apakie Kianda akienda na Kawangware akirudi, huku akilipia ada ya steji zote mbili. Obiero amesema atakuja iwapo Gikonyo atafika kwanza. Gikonyo amesema hivyo hivyo kuhusu Obiero.

"Nitafika mimi kwanza," anasema Wekulo.

Anageuza mkokoteni mtupu kuelekea Kianda. Magunia ameyakunja, ameyakalisha juu. Hayafungi tena.

"Wakikubali, mtu akiniuliza mimi ni wa wapi, nitamwambia shika hapo nyuma, sukuma kwanza. Tutaongea tukifika."