Sakafu Mbichi

Hili naliandika uso ukiniwaka, mtu mzima mimi, mwenye duka la vioo na vigae hapa Mpanda (shule niliishia darasa la tatu, na hilo silionei haya), lakini aibu ya ile sakafu haijanitoka.

Utotoni tulikuwa tunakaa kijijini Kakese, na mjini ndio kwanza saruji inaingia. Zahanati ya udongo ilibomolewa ikajengwa mpya, na asubuhi moja mdogo wangu Masanja akashikwa na homa, tukatoka mbio kwenda mjini, na njiani akaanza kukakamaa mgongoni kwa mama. Mama akanisukuma: "Tangulia, mwite nesi, upesi!"

Nikakimbia kweli, nikafika mlangoni, nikaganda. Sakafu nyekundu, inang'aa, imelowa kabisa (kumbe imepigwa nta). Kwetu mama alikuwa akisiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na atakayekanyaga kabla haijakauka anakula fimbo mpaka ajute kuwa na miguu. Nikaita nesi kwa sauti ya chini, maana nani apige kelele kwenye nyumba ya serikali, hakuna aliyeitika, basi nikaamua kungoja. Uamuzi mdogo tu! Akaja mama mmoja na mwanawe, nikamtandazia mikono: "Shikamoo mama, msikanyage, bado mbichi!" Akachungulia, akaguna, akakaa chini. Wakaja wengine, nao wakakaa, juani, msururu mpaka barabarani.

Mama akatokea anahema, macho ya Masanja yamegeuka meupe.

"Nesi yuko wapi?"

"Mama, sakafu..."

"Nimekuuliza nesi!"

"Ni mbichi, mama, tutachapwa."

Akanipiga kikumbo, akapita katikati ya sakafu. Nikainama kutafuta nyayo zilizozama. Hakuna hata moja.

"Wee mtoto," akasema yule mama wa kwanza, "umetuanika nje kwa sakafu kavu?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza ndani, na ndani kimya, kimya, mpaka Masanja alipolia, nami nikaangua kilio pale pale mbele za watu.

Leo Masanja ana mvi kunizidi, na kila akija dukani husimama kizingitini, wateja wasikie: "Kaka, imekauka?" Namwacha aseme. Ila asubuhi vigae vikipigwa deki, muuzaji wangu akathubutu kumzuia mtu mlangoni, namfokea: "Mwache apite! Nyayo hufutika."