Sahani ya Kwanza ya Nicasia

Tarehe 1 Agosti 2016. Baridi kali, upepo wa magharibi, barafu nyembamba pembezoni mwa dimbwi mpaka saa nne asubuhi.

Kwa miaka tisa Nicasia Liquín alikuwa mlinzi wa dimbwi la chumvi nje ya kijiji chao, huko juu kwenye nyika kavu ya milimani iitwayo Puna. Kazi yake ilikuwa kuzuia wageni wasikanyage mawe yaliyomo majini. Mtaalamu mmoja, Graciela, alimweleza kwamba mawe yale yana uhai, yamejengwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba ukoo wa viumbe hao ndio ulioipa dunia pumzi kabla hapajawa na jani wala mdudu. Nicasia hakubisha. Kwao hata mlima husalimiwa.

Siku hiyo ilikuwa ya kumlisha Mama Ardhi. Kila nyumba huchimba shimo, ikamtilia chakula kabla mtu hajaonja. Nicasia akawaza: kilicho hai hula, na mkubwa hutangulizwa. Basi sahani ya kwanza, nyama ya lama wa kufuga na mahindi, pamoja na kibuyu cha pombe, akavimimina dimbwini.

Shemeji yake Fortunato, aliyekuja na koleo la kuchimbia shimo, aliangua kicheko.

"Shemeji, umeyapikia mawe! Na vijiko umeyapa?"

"Cheka tu. Wewe ulilishwa na nani ulipokuwa huna meno?"

Adhuhuri alimpigia simu Graciela, kumpa habari kwa fahari. Graciela hakumngoja amalize.

"Mama Nicasia, toa chochote unachoweza. Sasa hivi. Hao chakula chao ni jua. Nyama ikioza humo, itawaua."

"Na pombe?"

"Pombe ndiyo naiogopa zaidi."

"Nitajuaje kama bado wako hai?"

"Jua likiwapiga hutoa viputo vya hewa, vidogo kama kichwa cha pini. Usipoviona hata kesho…"

Nicasia akalala kifudifudi juu ya chumvi, akaopoa kwa chujio la chai, punje kwa punje, vidole vikifa ganzi. Pombe haikuopoleka. Fortunato alikuwa ameacha kucheka. Alimshika miguu asitumbukie.

"Yamevumilia miaka yote hiyo, shemeji. Yatashindwa na sahani moja?"

"Bibi yangu naye alivumilia mengi. Akaja kufa kwa kikohozi."

Jua lilizama bila kiputo hata kimoja. Nyumbani hakula. Waliokuwapo kabla ya kila mtu, wamwagiwe pombe na mlinzi wao mwenyewe!

Asubuhi iliyofuata alikwenda mikono mitupu, akalala palepale. Mwanga ulishuka mlimani polepole, ukagusa maji. Akangoja. Kutoka mgongoni mwa jiwe la mbali kikapanda kiputo kimoja. Kisha viwili. Mawe yaliyokuwa karibu naye yalibaki kimya, naye akayakodolea macho, mpaka alipotambua kwamba mwili wake umewazibia jua. Akajiburuta nyuma, kivuli chake kisije kikawanyima chakula.